Fulana za Kuchapwa Mtandaoni: Mtaji Umehamia Wapi?

Matangazo ya "anzisha duka la fulana mtandaoni bila mtaji" yamejaa kwenye simu za vijana wa Dar es Salaam, Mwanza, Nairobi na Kampala. Mtoa somo anaonyesha namna ya kupakia mchoro kwenye tovuti ya kampuni ya ng'ambo, anaonyesha picha ya dola zilizoingia, kisha anakaribisha watu kwenye kozi ya kulipia. Ukimwuliza fundi wa kuchapa aliyepo Kariakoo, atakwambia kinyume chake: asiye na mashine hana biashara, ni dalali tu. Mfanyabiashara wa jumla naye anashikilia kwamba fedha ipo kwenye kuchapa mamia kwa mkupuo mmoja. Wote watatu wanaweza kutoa mifano ya watu waliofanikiwa, na ndiyo maana anayetaka kuanza anabaki njia panda.

Mkanganyiko huu unatokana na swali lililoulizwa vibaya. Watu wanauliza njia ipi haina mtaji, ilhali njia isiyo na mtaji haipo. Kinachotofautiana ni mahali mtaji unapokaa: kwenye mzigo, kwenye mashine, kwenye matangazo au kwenye muda wa mbunifu. Jingine linalotofautiana ni nani anayebeba hasara nguo isipouzwa. Tukizipima njia zote kwa kipimo hicho, mengi yanajipanga.

Biashara iliyotangulia intaneti

Kubuni nguo huku na kuichapa kwingine ni jambo la kale katika pwani yetu. Kanga za mwisho wa karne ya 19 na mwanzo wa karne ya 20 zilichapwa India, Uingereza na Uholanzi, lakini michoro na maneno vilifuata ladha ya wanawake wa Zanzibar, Mombasa na Lamu. Kaderdina Hajee Essak, mfanyabiashara wa Mombasa aliyefahamika kwa jina la Abdulla, alianza biashara mwaka 1887, na alama ya "K.H.E. – Mali ya Abdulla" inaonekana kwenye kanga hadi leo. Yeye hutajwa kuwa miongoni mwa waliozipa kanga maneno ya Kiswahili. Kiwanda hakikuwa chake. Chake kilikuwa jina, michoro, na kujua wateja wake wanataka nini msimu huu.

Wafanyabiashara wa zama hizo walikuwa pia na tatizo ambalo muuza fulana wa leo analifahamu vizuri. Oda ilichukua miezi kwenda Ulaya na kurudi, na mara nyingine mzigo ulitia nanga wakati fasheni imeshapita. Hasara ya mtindo uliopitwa ilikuwa ya aliyeagiza. Takriban kila uvumbuzi uliofuata katika biashara hii umekuwa jitihada ya kupunguza hatari hiyo.

Intaneti ilileta jibu lake mwaka 1999, pale CafePress ya Marekani ilipoanza kuchapa bidhaa moja moja baada ya mteja kulipa. Spreadshirt ilifuata Leipzig mwaka 2002, Redbubble ikaanzishwa Melbourne mwaka 2006, na Teespring ikaja mwaka 2011. Printful na Printify, zenye asili ya Latvia, zilianza 2013 na 2015, na mwaka 2024 zikatangaza kuungana. Kwetu mageuzi yalipitia mlango mwingine. M-Pesa ilizinduliwa Kenya Machi 2007 na kufika Tanzania mwaka uliofuata, na baadaye Instagram na WhatsApp zikawa maduka. Mteja wa Dodoma akaweza kuona fulana, kulipa, na kuipokea kesho yake kwenye ofisi ya basi, bila muuzaji kuwa na fremu ya duka.

Mashine ndiyo inayopanga bei

Mabishano mengi kuhusu biashara hii yangeisha mapema kama wabishanaji wangeanza na namna nguo inavyochapwa, maana kila njia ya kuchapa ina hesabu yake.

Njia ya skrini ndiyo kongwe. Kila rangi ya mchoro inahitaji skrini yake, na kuitengeneza kuna gharama ileile, uchape fulana mbili au elfu mbili. Wino wake ukikaushwa vizuri hudumu miaka. Njia ya filamu, inayojulikana kwa herufi DTF na iliyoenea sana kuanzia mwaka 2020 hivi, huchapa mchoro kwenye karatasi ya plastiki, ikanyunyiziwa unga wa gundi, kisha ikabanwa kwenye nguo kwa joto. Haijali idadi ya rangi, haijali kama kitambaa ni pamba au poliesta, na fulana ya kwanza ina gharama sawa na ya hamsini. Sublimesheni hugeuza rangi kuwa mvuke unaoingia ndani ya nyuzi za poliesta kwa joto la karibu nyuzi 200 za Selsiasi. Inafaa jezi, lakini haishiki kwenye pamba wala haionekani kwenye kitambaa cheusi. Wapo pia wanaonyunyiza wino moja kwa moja kwenye pamba, njia inayotumiwa na kampuni nyingi za ng'ambo, na wanaokata vinaili kwa ajili ya majina na namba za wachezaji.

Tuchukue hesabu ya mfano, tarakimu zikiwa za kuonyesha mwelekeo tu. Tuseme skrini moja inatengenezwa kwa shilingi 30,000 za Tanzania, na wino na kazi ni shilingi 1,000 kwa kila fulana. Filamu na kubana ni shilingi 4,000 kwa kila fulana, iwe moja au mia. Kwa mchoro wa rangi moja, njia hizi zinalingana kwenye fulana 10. Ukichapa 100, skrini inashuka hadi shilingi 1,300 kwa moja, filamu ikibaki palepale. Mchoro ukiwa na rangi tatu, skrini haianzi kuwa nafuu mpaka uvuke fulana 30.

Kutoka hapo inaeleweka kwa nini mfanyabiashara wa jumla na kijana wa Instagram hawaelewani. Kila mmoja yuko sahihi kwa idadi anayouza. Ushauri wa mtu anayechapa fulana 500 za kampeni haumsaidii anayeuza mchoro mmoja kwa watu wanane, na wa mchapaji wa mojamoja haumfai mwenye oda ya shule nzima.

Bei nayo haimalizi habari. Filamu ni utando unaokaa juu ya kitambaa, hivyo mchoro mkubwa unaofunika kifua chote huzuia hewa, na kwa joto la Dar es Salaam au Mombasa mteja hulihisi hilo siku ya kwanza. Ikibanwa kwa joto pungufu au ikipigwa pasi moja kwa moja, huanza kubanduka. Malalamiko mengi ya "fulana za mtandaoni hazidumu" yana chanzo hiki, na mengine yanatokana na kitambaa chenyewe. Fulana ya gramu 140 kwa mita ya mraba na ya gramu 200 zinafanana kabisa kwenye picha. Muuzaji asiyetaja uzito wa kitambaa na jinsi ya kufua anajitengenezea ugomvi na mteja.

Duka la ng'ambo: faida ya kweli na mahesabu yaliyofichwa

Hoja ya wanaotetea kampuni za ng'ambo ina uzito. Mbunifu wa Arusha anapakia mchoro, mnunuzi wa Texas analipa, fulana inachapwa Marekani na kutumwa kutoka hukohuko. Mbunifu hagusi nguo, na mchoro usipopendwa hapotezi kitambaa hata kipande. Kwa kujaribu michoro mingi kwa haraka, hakuna njia iliyo salama zaidi.

Udhaifu uko kwenye kinachobaki mfukoni. Tuchukulie fulana inauzwa dola 25 kwenye soko la mtandaoni la Etsy, na kampuni ya kuchapa inatoza dola 12. Etsy hukata senti 20 za kuorodhesha bidhaa na asilimia 6.5 ya mauzo, yaani dola 1.63. Ada ya kupokea malipo tuiweke dola 1. Zinabaki dola 10.17, na hapo ndipo picha za mtoa somo huishia. Lakini duka jipya halina wageni, hivyo tangazo linalipiwa. Ikiwa kila mtu anayebonyeza tangazo anagharimu senti 20, na kati ya 50 wanaobonyeza mmoja ndiye ananunua, kila fulana iliyouzwa imekula dola 10 za matangazo. Zinabaki senti 17, na kwa kuwa Etsy hukata asilimia yake hata kwenye gharama ya kutuma, senti hizo zinaweza kugeuka hasara. Mtaji ulioambiwa hauhitajiki umehamia kwenye matangazo, na tofauti na mzigo wa stoo, fedha ya tangazo haiwezi kuuzwa kwa bei ya kutupa ili irudi japo nusu.

Kikwazo cha pili ni kupokea fedha. Mkenya ameweza kuhamisha fedha za PayPal kwenda M-Pesa tangu mwaka 2018. Kwa Mtanzania, akaunti ya PayPal imekuwa kwa miaka mingi ya kutuma fedha bila kupokea. Stripe, ambayo maduka mengi ya mtandaoni huitegemea kupokea malipo, haifungui akaunti kwa biashara iliyosajiliwa Tanzania au Kenya. Wengi hupitia huduma ya malipo ya Payoneer, au husajili kampuni nje, au hutumia akaunti ya ndugu aliyeko ughaibuni. Hii ya mwisho ni hatari kuliko inavyosemwa: mwenye akaunti ndiye mwenye fedha machoni pa benki, na ndiye atakayeulizwa kodi na serikali ya huko.

Kikwazo cha tatu kinasahauliwa kabisa: muuzaji haioni bidhaa yake. Akiagiza sampuli ije Dar es Salaam, anakutana na ushuru. Nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki ziliweka kiwango cha juu cha asilimia 35 kuanzia Julai 2022, na nguo ni miongoni mwa bidhaa zilizolengwa. Juu yake kuna kodi ya ongezeko la thamani, asilimia 18 Tanzania na 16 Kenya. Kwa sababu hiyohiyo duka la namna hii haliwezi kumhudumia mnunuzi wa Kinondoni au Kisumu kwa bei anayoiweza.

Hata hivyo sheria za forodha za nchi nyingine zinaipa njia hii mahali pake. Umoja wa Ulaya uliondoa msamaha wa kodi kwa vifurushi vidogo vya chini ya euro 22 mnamo Julai 2021. Marekani nayo ilisitisha msamaha wa vifurushi vya chini ya dola 800 kwa nchi zote kuanzia tarehe 29 Agosti 2025. Kutuma fulana mojamoja kutoka Nairobi kwenda kwa Mswahili aliyeko Minnesota kumekuwa ghali na kwenye usumbufu. Fulana iliyochapwa humohumo Marekani haivuki mpaka. Kwa mteja wa ughaibuni, basi, kampuni ya ng'ambo ina sababu nzuri ya kutumiwa. Kwa mteja wa hapa nyumbani, haina.

Kuchapa hapahapa kwa oda

Njia hii ndiyo inayoendesha kurasa nyingi za Instagram nchini Tanzania. Mteja anachagua mchoro, muuzaji ananunua fulana tupu Mtaa wa Kongo, Kariakoo, ya kawaida au ya kola, anampelekea mchapaji wa filamu, na bodaboda anamalizia. Kwa mfano wetu, fulana tupu ya shilingi 8,000, kuchapa 4,000 na mfuko 1,000 vinafanya 13,000. Ikiuzwa 20,000, faida ni shilingi 7,000, na nauli analipa mteja. Muuzaji anaishika fulana mkononi kabla haijatoka, anaukagua ubora, na fedha inaingia kwenye simu yake siku hiyohiyo.

Ugumu mkubwa hapa ni uaminifu. Wateja wameshatapeliwa na kurasa za uongo, hivyo wengi wanataka kulipa wakishapokea. Kwa viatu au mikoba hilo linawezekana, kwa sababu kikikataliwa kinauzwa kwa mwingine. Fulana yenye jina la mtoto wa mteja au picha ya harusi yake haina mnunuzi wa pili. Muuzaji akikubali kulipwa baadaye, hatari yote ni yake. Akidai malipo yote kwanza, anapoteza wateja waoga. Desturi iliyozoeleka ya nusu kwanza ndiyo mgawanyo wa haki zaidi, mradi hiyo nusu ilipe angalau kitambaa na uchapaji. Katika mfano wetu, nusu ya 20,000 ni 10,000, na gharama ni 13,000. Nusu haitoshi. Wengi wanaoamini wamejilinda hawajawahi kupiga hesabu hii.

Ugumu mwingine ni kumtegemea mchapaji. Msimu wa mahafali na sherehe za mwisho wa mwaka yeye huhudumia oda kubwa kwanza, na ahadi ya siku mbili inakuwa ya wiki. Mteja hamjui mchapaji. Anakujua wewe.

Kuchapa kwa wingi, na ndoto ya mashine

Anayechapa fulana 100 kwa skrini kwa mfano wetu anatumia shilingi 9,300 kwa kila moja bila mfuko, jumla 930,000. Akiuza kila moja kwa 20,000, fedha yake inarudi akifikisha fulana 47, na zilizobaki ni faida. Ni hesabu tamu kuliko zote, ila imejengwa juu ya dhana kwamba zitauzwa zote. Saizi za kati huisha mapema, na za pembeni hubaki stoo, huku mchoro ukizeeka. Ni hatari ileile ya wafanyabiashara wa kanga.

Mzigo unakuwa salama ukiwa umeshanunuliwa kabla ya kuchapwa: sare za ofisi, fulana za harusi, za kwaya, za mbio za hisani, za familia iliyofiwa, za mahafali. Huko mteja mmoja huleta oda ya fulana 60 na huleta na orodha ya saizi. Washauri wa mtandaoni huzipuuza oda hizi kwa sababu hazina mvuto wa "kujenga jina". Lakini ndizo zinazolipa kodi ya pango.

Kuhusu kununua mashine, kosa la kawaida ni kupiga hesabu ya bei ya kuinunua na kusahau ya kuiendesha. Wino mweupe wa mashine za filamu huganda na kuziba vichwa vya kuchapia mashine ikikaa bila kazi, kwa hiyo inatakiwa ifanye kazi karibu kila siku. Mwenye oda tano kwa wiki atalea mashine badala ya mashine kumlea yeye. Kifaa cha kubana kwa joto peke yake ni hatua ya busara zaidi: filamu zinanunuliwa zikiwa zimeshachapwa, na muuzaji anabana mwenyewe oda inapoingia.

Mchoro ni wa nani?

Sehemu hii huachwa mwishoni katika mijadala, kama inaguswa hata kidogo, ilhali ndiyo inayofunga maduka.

Mfano mkubwa unatuhusu moja kwa moja. Disney iliomba mwaka 1994 kusajili maneno "Hakuna Matata" nchini Marekani kama alama ya biashara kwa fulana, na ikapata usajili mwaka 2003. Mwaka 2018 watu zaidi ya laki moja walitia saini ombi la kupinga. Hasira hiyo ilikuwa ya haki, kwa kuwa maneno yalikuwepo kabla ya filamu ya Disney iliyoyatumia. Lakini ni muhimu kuelewa kilichosajiliwa. Hakuna aliyezuiwa kuyasema. Kilichozuiwa ni kuyatumia kama alama ya nguo katika soko la Marekani. Kwa muuzaji wa mtandaoni tofauti hiyo haimwokoi sana, kwani masoko makubwa huondoa bidhaa kwanza pindi malalamiko yanapofika, na kujitetea hufuata baadaye. Anayetaka kuuza fulana za Kiswahili Marekani anapaswa kupekua rejista ya alama za biashara ya huko kabla ya kuchora, hata kwa maneno aliyoyanyonya na maziwa ya mama.

Hapa nyumbani kosa hutendeka upande mwingine. Nembo za Simba na Yanga, picha za wasanii na katuni za ng'ambo huchapwa kama vile hazina wenyewe. Tanzania ina Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999, na Tume ya Ushindani hukamata bidhaa bandia. Kenya ilitunga sheria dhidi ya bidhaa bandia mwaka 2008. Kuna mipaka mingine isiyofahamika vizuri: nguo za mabaka zinazofanana na sare za jeshi ni marufuku kwa raia, na Agosti 2023 Jeshi la Wananchi wa Tanzania liliwapa siku saba waliokuwa nazo wazisalimishe. Mchapaji anayepokea oda ya mabaka anajiingiza matatani pamoja na mteja wake.

Sheria inamlinda mbunifu pia, akijua kuitumia. Hakimiliki ya mchoro huanza mchoro unapoumbwa. Usajili katika ofisi ya hakimiliki, COSOTA kwa Tanzania au KECOBO kwa Kenya, husaidia kuithibitisha. Jina la biashara ni suala tofauti, nalo huandikishwa kama alama BRELA kwa Tanzania Bara au KIPI kwa Kenya. Usajili wa BRELA hauvuki kwenda Zanzibar, ambako kuna wakala wake. Anayeuza fulana kwa watalii wa Mji Mkongwe kwa usajili wa Bara peke yake hana ulinzi pale anapouhitaji zaidi.

Kupima mizani

Njia ya ng'ambo inaondoa hatari ya mzigo, lakini inaongeza hatari ya matangazo na ya fedha kukwama njiani. Kuchapa kwa oda kunaacha faida nzuri kwa kila fulana na kunamweka muuzaji karibu na mteja, ingawa mauzo yanabanwa na uaminifu pamoja na ratiba ya mchapaji. Uchapaji wa wingi unashinda kwa bei tu pale wanunuzi wameshajulikana. Mashine ni hatua ya baadaye, ya mtu ambaye oda zake tayari zinamshinda mchapaji wake.

Kwa uzito huo, anayeanza leo Afrika Mashariki akiwa na mtaji mdogo ana njia inayoeleweka. Aanze na oda za vikundi, zenye malipo ya awali yanayofunika gharama yote ya kitambaa na uchapaji. Faida yake aitumie kujaribu michoro yake mwenyewe, mojamoja, kwa filamu. Mchoro utakaorudiwa kuombwa na wateja wasiojuana ndio uchapwe kwa skrini kwa wingi. Kampuni ya ng'ambo aifungulie mlango siku atakapokuwa na wateja wa ughaibuni wanaomfuata kwa jina, ili asilazimike kuwanunua kwa matangazo. Na kabla ya yote hayo, aandikishe jina lake, kwa kuwa fulana tupu na mashine vinapatikana kwa kila mwenye fedha, lakini jina ni lake peke yake.

Wanaofundisha biashara hii mtandaoni wana wajibu wa kuonyesha hesabu hadi mstari wa mwisho, tangazo na ada zikiwemo. Na anayeombwa kulipia kozi aanze kwa kuomba hesabu hiyo. Asipopewa, fedha yake inatosha kununua fulana tupu za oda yake ya kwanza.